Footy ya Australia: Venye Watoi wa Nchi Zingine Hufunzwa Hii Gemu, na Kwa Nini Kwingine Hushika na Kwingine Huzima

Nikiwa darasa la sita, shule moja ya gava huku Eastlands, tulitolewa class saa nne asubuhi bila kuambiwa kuna nini. Nje kulikuwa na gari nyeupe, wageni watatu na mifuko mikubwa. Wakatoa fimbo za plastiki na vimpira vya mashimo mashimo. Gemu yenyewe siitaji na walioileta siwataji. Tulicheza kama saa moja, tukapigwa picha, tukapewa soda na mkate, wakaenda. Maze, ilikuwa siku ya maana.

Wiki iliyofuata tukamwendea ticha wa PE atutolee zile fimbo. Akatuambia yeye mwenyewe hajui sheria, halafu store imefungwa. Tukifika darasa la nane, fimbo moja ilikuwa inashikilia dirisha la ofisi ya deputy lisifungwe na upepo.

Hiyo ndiyo story ya michezo mingi inayoletwa shuleni kutoka nje, na najua shule yenu mlikuwa na yenu. Leo nakupea story ya gemu moja iliyopelekwa kwa watoi wa nchi nyingi na ikawa na bahati tofauti kila mahali. Ni ile boli ya Australia, wenyewe wanaiita footy. Kuna kisiwa kimoja imekuwa mchezo wa taifa. Kuna nchi imelea mabingwa. Na kuna nchi ya Afrika ilizima kabisa kabla ya kuwashwa tena. Ukishaelewa kwa nini, utajua cha kuuliza siku gari nyeupe itapaki kwa shule ya mdogo wako.

Footy ni gemu gani?

Usiichanganye na soka, na usiichanganye na raga. Boli ni ya umbo la yai kama ya raga, lakini hakuna offside, na unaruhusiwa kupasi mbele, nyuma, kando, popote. Kiwanja ni duara refu kama la kriketi. Hakina saizi moja: urefu huwa kati ya mita 135 na 185, upana kati ya 110 na 155. Weka kiwanja cha soka ndani yake na bado utabaki na nafasi ya kupaki mathree.

Kila timu ina wachezaji 18 uwanjani. Mechi ya wakubwa ina robo nne za dakika 20, na saa husimamishwa boli ikitoka, kwa hivyo robo moja inaeza fika nusu saa.

Kila upande kuna milingoti minne imesimama, hakuna wa juu wa kulala. Miwili ya katikati ni mirefu, miwili ya pembeni ni mifupi. Ukipiga boli kwa mguu ikapita kati ya ile mirefu bila kuguswa, hiyo ni goli, na goli ni pointi 6. Ikipita kati ya mrefu na mfupi unapata pointi 1. Yaani hata ukikosa kidogo, bado unapewa kitu.

Ndio maana ukiona matokeo yao utadhani ni hesabu ya KCPE. Wakiandika 10.8 (68), maana yake ni magoli 10, pointi moja moja 8, jumla 68. Fanya: 10 mara 6 ni 60, ongeza 8. Ticha wa hesabu akiwa mjanja, hapo amepata somo la bure.

Sheria tano za kukutoa ushamba

1. *Hakuna kurusha boli kwa mkono.* Ukitaka kupasi kwa mkono, unaishika kwa kiganja kimoja halafu unaipiga ngumi na ule mwingine. Ukiirusha kama ya basketboli, refa anawapea wapinzani.

2. *Maki.* Boli ikipigwa teke ikasafiri angalau mita 15 na uidake kabla haijagusa chini wala mtu mwingine, hiyo ni maki. Kila mtu anakuachia nafasi upige bila kusumbuliwa. Mastaa wanaruka hadi wanakanyaga mabega ya wapinzani ili wadake. Ukiona video moja tu ya hiyo kitu, utaelewa kwa nini watu wanajaza uwanja.

3. *Ukikimbia na boli, lazima uidundishe au uigushishe chini kila mita 15.* Sasa jaribu kudundisha boli ya umbo la yai ukiwa mbio. Hapo ndipo utajua hujui.

4. *Kukaba ni kutoka mabegani hadi magotini.* Shingo na kichwa ni marufuku. Kusukuma mtu mgongoni pia ni faulo.

5. *Ukikabwa ulipokuwa umepewa nafasi ya kuachilia boli na hukuiachilia,* unaadhibiwa. Hii gemu haipendi mtu mchoyo.

Hii gemu yenyewe ilianza na watoi wa shule

Hapa kuna kitu wengi hawajui. Julai 1858, jamaa mmoja wa kriketi wa Melbourne anaitwa Tom Wills aliandika barua gazetini akisema wachezaji wa kriketi waunde klabu ya boli ili wasilegee wakati wa baridi. Mwezi uliofuata, 7 Agosti 1858, shule mbili za huko, Scotch College na Melbourne Grammar, zikacheza mechi ambayo bado inakumbukwa hadi leo.

Kila upande ulikuwa na wachezaji 40. Magoli yalikuwa mbali kama nusu maili. Mechi ilichezwa Jumamosi tatu tofauti na bado ikaisha sare ya 1-1. Mwaka uliofuata, Mei 1859, Klabu ya Melbourne ikaandika sheria za kwanza, zilikuwa 10 tu.

Na kuna link ya Kenya ya kuchekesha hapo. Refa mmoja wa ile mechi ya 1858, akisaidiana na Wills, alikuwa daktari anaitwa John Macadam. Zile makadamia wakulima wa Murang'a, Embu na Kirinyaga wanauza, jina lake limetoka kwa huyo huyo msee. Kwa hivyo footy ilikuwa imeshakugusa mfukoni kabla hata uisikie.

Leo ligi kubwa, AFL, ina klabu 18. Finali yake huchezewa Melbourne mbele ya watu karibu laki moja. Ligi ya wanawake, AFLW, ilianza 2017.

Venye mtoi hufunzwa, hatua kwa hatua

Australia wenyewe wana programu ya watoto inaitwa Auskick. Mtoi haanzi kwa kukabwa na jitu la kilo 90. Anaanza na boli ndogo, kiwanja kidogo, timu ndogo, bila kukabana. Nchi zingine zimechukua wazo hilo hilo na kulipea jina lao. Ukiwa ticha, kocha wa mtaa, au big brother tu mwenye muda Jumamosi, mpangilio ni huu:

*Kwanza, mikono.* Weka watoi wawili wawili, mita tatu kati yao. Mkono mmoja ni meza, ule mwingine ni nyundo. Boli inakaa juu ya meza, nyundo inagonga. Wataanza kwa kurusha, hiyo ni kawaida. Kila akirusha anampea mwenzake boli. Baada ya dakika 15 wameshashika.

*Pili, mguu.* Hapa watoi wa Kenya watasumbuka kidogo kwa sababu sisi tumezoea boli ikiwa chini. Unaishika kwa mikono miwili, ncha moja ikiangalia chini, mbele ya paja la mguu utakaopigia. Unaiachilia idondoke ikiwa imesimama hivyo hivyo, kisha unaigonga ncha ya chini kwa juu ya mguu, pale kamba za kiatu hukaa. Ikienda vizuri, boli inabingirika kurudi nyuma ikiwa hewani na inaenda moja kwa moja. Makosa ya kila mtu ni kuirusha juu kwanza. Usiirusha. Iachilie tu.

*Tatu, kudaka.* Anza na kifua: mikono kama unambeba mtoto. Halafu juu ya kichwa, vidole vimefunguka, macho kwa boli hadi mwisho. Watoi wanaojua kucheza kati wako mbele hapa, wamezoea kufuata boli na macho.

*Nne, kudundisha.* Inamisha boli mbele, ncha ya mbele iguse chini kwanza, ndipo inarudi mkononi. Ikikukataa, inama uiguse chini tu. Sheria inakubali.

*Tano, mechi.* Kata kiwanja cha soka, weka watoi tisa kwa tisa au hata sita kwa sita. Milingoti minne kila upande inaeza kuwa vijiti, mawe au sweta. Usikubali kukabana: mtu akiguswa na mikono miwili, lazima aachilie boli. Gawanya kiwanja mara tatu ili wasirundikane wote mahali pamoja kama nyuki. Na wasichana wacheze na wavulana, kwa huo umri hakuna sababu ya kuwatenga.

Huna boli yenyewe? Boli ya raga inatosha kuanza. Sisi tulicheza soka na boli ya juala hadi gava ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki 2017, so usiniambie ati vifaa.

Hiyo ndiyo sehemu rahisi. Mtu yeyote anaeza fundisha watoi footy kwa asubuhi moja. Swali ni nini hutokea asubuhi ya pili. Twende nchi tatu tuone.

Nauru: wanafunzi walijibebea wenyewe

Nauru ni kisiwa kidogo sana huko Bahari ya Pasifiki, kilomita 21 mraba pekee. Watu wake ni kama 12,000, hawawezi hata kujaza Nyayo. Ilitawaliwa na Australia kwa muda mrefu na ikapata uhuru 1968.

Miaka ya 1930, vijana wa Nauru walipelekwa kusoma Geelong, mji wa Australia ambao unaabudu footy. Wakacheza huko, wakaipenda, wakirudi nyumbani wakarudi nayo. Hakuna mgeni aliyekuja na bibu na kamera. Walioileta walikuwa mabro na wajomba wa watoi wa pale.

Matokeo? Leo footy ndio mchezo wa taifa wa Nauru. Uwanja wao maarufu, Linkbelt Oval, hata hauna nyasi. Chini ni vumbi la fosfeti iliyosagwa, ile mbolea walikuwa wanachimba kisiwani. Wanaanguka hapo, wanajipangusa, wanaendelea. Kama ulicheza soka kwa uwanja wa mtaa wenu, unajua goti likikwaruzwa na changarawe linavyowasha, na unajua pia haikukuzuia kurudi kesho yake.

Somo la Nauru ni rahisi: mtoi huiga mtu anayemjua.

Papua New Guinea: waliileta wakaenda, boli ikabaki

Papua New Guinea, au PNG, iko kaskazini tu mwa Australia. Ina lugha zaidi ya 800. Lugha inayowaunganisha mtaani ni Tok Pisin, imezaliwa kwa kuchanganya Kiingereza na lugha za pale, so msee wa Sheng anaeza kujisikia nyumbani.

Footy ilifika huko na Waaustralia waliokuwa wanatawala, na wanajeshi wa Vita ya Pili ya Dunia. PNG ikapata uhuru 1975 na Waaustralia wengi wakafunga virago. Hapo ndipo gemu ya kuletwa hupimwa. Rugby league, ile raga ya wachezaji 13, ikateka nchi nzima, na hadi leo ndio mapenzi namba moja huko. Footy ingezama. Haikuzama, kwa sababu kulikuwa na watu wa PNG wenyewe waliokuwa wanaicheza, wanaifundisha na wanaendesha ligi.

Programu yao ya shule inaitwa Niukick. Kwa Tok Pisin, "niu" ni mpya. Si Auskick tena, ina jina la nyumbani. Timu ya wavulana wa chini ya miaka 16 inaitwa Binatangs, maana yake wadudu. Timu ya taifa ya wanaume ni Mosquitos, mbu. Yaani mtoi anaanza kama mdudu wa kawaida na akikua anakuwa mbu wa kuuma watu. Hiyo ni branding imetoka kwa watu wenyewe, hakuna afisa wa ofisi ya mbali angeifikiria.

Na waliuma kweli. Kuanzia 2002 kulikuwa na mashindano ya nchi za nje, International Cup, yakifanyika Australia kila miaka mitatu. Australia yenyewe haikuwa inacheza, kwa sababu ingeua gemu. Hadi 2017 yalichezwa mara sita. PNG ilifika finali zote sita na ikabeba kombe mara tatu: 2008, 2014 na 2017. Toleo la 2020 halikuchezwa kwa sababu ya corona.

Kuna Mal Michael pia, aliyezaliwa Port Moresby, mji mkuu wa PNG, akakulia Brisbane. Alishinda ubingwa wa AFL na Brisbane Lions mara tatu mfululizo, 2001, 2002 na 2003. Mtoi wa Port Moresby akiambiwa inawezekana, ana jina la kutaja.

Afrika Kusini: ilizima, ikawashwa tena 1997

Sasa turudi bara letu. Wakati wa Vita vya Makaburu, 1899 hadi 1902, wanajeshi wa Australia walipigana upande wa Waingereza huko Afrika Kusini. Wakichoka kupiga risasi, walicheza footy. Lakini walicheza wao kwa wao. Vita ikaisha, wakaenda zao, na baada ya miaka michache gemu ikapotea. Hakuna mtoi wa pale aliyekuwa amepewa boli ashike.

Ikarudi 1997, mkoa wa North West, na mara hii mlango ulikuwa tofauti: shule na watoto. Miaka mitatu tu ilikuwa imepita tangu kura ya 1994. Fikiria hapo vizuri. Afrika Kusini, raga na kriketi zilikuwa zimebeba historia ya kibaguzi. Nani alicheza nini ilitegemea rangi yako na shule yako. Footy ilikuja bila hiyo mizigo. Mtoi wa township hakuwa anaingia kwa mchezo wa mtu mwingine, kwa sababu hakuna mtu pale alikuwa nao. Wote walikuwa wanaanza sifuri.

Programu yao ya watoto ikaitwa FootyWILD. Kufika 2002, miaka mitano tu baadaye, Afrika Kusini ilikuwa na timu kwenye International Cup ya kwanza kule Melbourne. Mwaka wa 2008 wakamaliza nafasi ya tatu. Mwanzo huo huo wa 2008, klabu mbili za AFL, Carlton na Fremantle, zilikuja kucheza mechi ya kirafiki Centurion, karibu na Pretoria, kwa uwanja wa kriketi.

Lakini usidhani ni hadithi ya raha tupu. Soka ndio mfalme wa township, kama tu huku kwetu. Mtoi akifika miaka 14, mabeshte wake wako kwa soka, na gemu ambayo haina ligi ya mtaa haiwezi kumshika. Boli zinatoka mbali, zikipasuka hazipatikani dukani. Pesa ya programu ikitoka Australia, basi bajeti ikikatwa Australia, mtoi wa North West ndiye anaisikia. Hapo ndipo tofauti na Nauru inaonekana.

Kakuma iko ndani ya hii story

Ulidhani Kenya haihusiki? Aliir Aliir alizaliwa 1994 kambini Kakuma, Turkana, wazazi wake wakiwa wametoka Sudan Kusini. Familia ikahamia Australia akiwa bado mdogo. Footy aliijulia huko, na hakuanza mapema kama wenzake. Mwaka wa 2013 Sydney Swans wakamchagua, akacheza mechi ya kwanza 2016, baadaye akahamia Port Adelaide. 2021 akaingia All-Australian, yaani kikosi cha wakali wa msimu kutoka ligi nzima.

Kabla yake kulikuwa na Majak Daw, aliyezaliwa Khartoum. 2013, akiwa na North Melbourne, alikuwa wa kwanza kuzaliwa Sudan kucheza AFL.

Angalia hapo lakini. Hawa wawili hawakufunzwa footy Kakuma wala Khartoum. Walifunzwa Australia, mahali kuna uwanja kila mtaa, mechi kila wikendi na kocha anayekujua kwa jina. Kwa hivyo mtu akija shuleni kwenu akuambie "mtoto wako atakuwa Aliir," mwambie pole pole. Kipaji kilizaliwa Turkana, sawa. Kilichokikuza ni kila wikendi.

Kichwa cha mtoi si boli

Siwezi kukuuzia hii gemu bila kukuambia bei yake. Footy ya wakubwa ni ngumu, na vichwa hugongwa. 2022 alifariki Heather Anderson, aliyekuwa ameshinda ubingwa wa kwanza wa AFLW na Adelaide 2017. Alikuwa na miaka 28. Mwaka uliofuata wanasayansi wakatangaza walikuta ubongo wake una CTE, ugonjwa unaohusishwa na kugongwa kichwa mara nyingi. Alikuwa mwanamichezo wa kwanza mwanamke wa kulipwa kupatikana nao.

AFL sasa inataka mchezaji akipata mtikiso wa ubongo akae nje angalau siku 12. Kwa watoto na timu za mtaani, mwongozo wa Australia wa 2024 ni mkali zaidi: angalau siku 21 kabla ya kurudi kwa mechi. Kwetu mtoi akigongwa anamwagiwa maji na anaambiwa arudi ndani. Hiyo lazima iishe, iwe ni footy, raga au soka. Akigongwa kichwa akapoteza fahamu, akatapika, akachanganyikiwa au akalalamika kichwa kinauma, gemu yake imeisha siku hiyo. Apelekwe hosi.

Kwa nini wanaleta?

Swali la haki. Wengine wanaipenda gemu yao tu, kama venye wewe ungefundisha Mwaustralia kucheza bano. Lakini michezo pia ni siasa. Desemba 2024, ilitangazwa kwamba PNG itapata timu kwenye ligi ya rugby league ya Australia kuanzia 2028, na gava ya Australia itatoa dola zake milioni 600 kwa miaka 10. Hiyo doo yote si ya mapenzi ya boli. China imekuwa ikitafuta marafiki Pasifiki, na Australia haitaki jirani yake ahame kambi.

Hiyo haimaanishi mtoi akatae boli. Mtoi achukue boli, acheze, afurahi. Lakini wewe mkubwa jua kwamba mgeni ana sababu yake, na sababu yake ikiisha, ataenda. Panga ukijua hivyo.

Wakija shuleni kwenu, uliza haya

- *Ticha gani wa hapa anafunzwa, na kwa siku ngapi?* Kama ni asubuhi moja ya wageni, hiyo ni burudani, si programu. Ticha wawili ni bora kuliko mmoja, kwa sababu mmoja atahamishwa.
- *Boli ngapi zinabaki, na nani ana ufunguo wa store?* Usicheke. Ufunguo wa store umeua michezo mingi hii Kenya.
- *Mwezi ujao tunacheza na nani?* Bila shule jirani inayocheza pia, mtapiga boli wenyewe hadi mchoke. Afadhali shule nne za karibu kuliko arobaini zilizotawanyika kaunti nzima.
- *Mtoi akimaliza shule yenu itakuwaje?* Kama hakuna mahali pa kuendelea, mwambieni mapema.
- *Wasichana wako ndani?* Wasiambiwe watakuja awamu ya pili.
- *Mtoi akiumia, nani analipa hosi?* Jibu liwe kwa karatasi.
- *Picha zinaenda wapi?* Sheria ya Kenya ya kulinda data ya 2019 inataka mzazi au mlezi akubali kabla data ya mtoto kutumiwa. Soda na mkate si kukubali.

Wakijibu vizuri, wafungulie geti. Kujifunza gemu mpya ni kitu poa sana kwa mtoi, hasa yule ambaye kwa soka huwa anachaguliwa wa mwisho. Kwa footy hakuna mtu ameshajulikana ni mkali. Mrefu anapata kazi, mfupi mwenye mbio anapata kazi, hata yule wa kupiga ngumi anapata kazi halali.

Mimi chuo niliacha, lakini ile siku ya darasa la sita sijaisahau hata dakika moja. Sikumbuki sheria za ile gemu. Nakumbuka tulikuwa tunaitaka, na hakuna mtu mkubwa wa pale shuleni aliyekuwa amepewa njia ya kutupea. Ticha wa PE hakuwa mbaya. Hakuna mtu aliyekuwa amemfundisha. Kama wewe ni ticha, kocha ama msee tu wa mtaa na Jumamosi uko free, hatua tano ziko hapo juu. Tafuta boli ya raga, weka sweta nne kila upande, na urudi wiki inayofuata.